Gerrit, Mwenye Kifaa kwa Kila Jambo

Tangu mimi na mume wangu Dwight tustaafu, kila msimu wa baridi Gerrit Vander Ploeg amekuwa jirani yetu, na mpaka leo siwezi kupita mbele ya trela yake bila kuona kitu kipya kinaning'inia. Sisi ni watu wa kaskazini. Theluji ikianza kule kwetu tunafunga nyumba, tunakokota trela zetu hadi kusini kabisa mwa Texas, na tunakaa hapo tukila machungwa na kucheza bingo mpaka Machi inapokaribia kwisha. Katika kambi yetu kila mtu ana ujanja wake mmoja au miwili wa kurahisisha maisha ya magurudumuni. Gerrit alikuwa nao wote, na alipoishiwa wa kuiga akabuni mwingine.

Ukifungua friji yake ulikuta amekatiza zile fimbo za pazia zenye springi, ili chupa ya maziwa isikurukie usoni baada ya safari. Kati ya sahani na sahani kulikuwa na karatasi ya kuchujia kahawa, zisigongane njiani. Trela yake ina chumba kinachosukumwa nje mkishaegesha, na kona za vyumba hivyo zimewapasua vipaji vya uso wanaume wote ninaowajua. Yeye alizivalisha yale maboya ya sponji ambayo watoto huchezea bwawani. Nguo chafu alizitia kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na maji na sabuni, akaifunga kamba bafuni, na mashimo ya barabara yakamfulia. Akifika anasuuza tu. Dwight wangu aliujaribu ujanja huo bila kukaza mfuniko, na sitaki kuuzungumzia.

Halafu kuna ule usukani. Watu wa trela tuna desturi moja ya zamani. Ukiinua antena ya televisheni unabana kibanio cha nguo kwenye usukani wa gari, ili siku ya kuondoka mkono wako ukikigusa ukumbuke kuishusha. Kibanio kimoja, basi. Gerrit alikuwa na cha antena, cha ngazi, cha gesi, cha dirisha la juu, cha mpira wa maji, cha waya wa umeme, kila kimoja kwa rangi yake, mpaka usukani ukafanana na nungunungu.

Dwight alikuwa akisema mzee huyu ana wazimu wa kununua. Mimi nina maoni yangu. Gerrit aliendesha lori la maziwa kule Iowa maisha yake yote, akizunguka mashambani kabla jua halijatoka, na aliishi na mama yake mpaka mama alipofariki. Hakuoa. Ng'ombe hawana Jumapili, na yule mama naye hakuwa na Jumapili. Sasa mtu mwenye mke huwa anasema, nishikie hapa, nimulikie pale, hebu nikumbushe antena. Gerrit hakuwa na wa kumwambia hivyo. Basi akanunua.

Ione Haugland alikuwa kinyume chake kabisa. Ni mjane wa Minnesota, mwembamba, mrefu, mwenye sufuria moja, kisu kimoja na ulimi unaokata chuma. Zamani alikuja na mumewe Palmer na trela yao. Palmer alipokufa aliiuza, akawa anapanga kibanda kidogo karibu na chumba cha kufulia. Alikuwa akifungua makopo kwa kile kisu. Gerrit alipomwona anafungua kopo la maharage kwa kisu, nadhani moyo wake ulisimama palepale.

Akaanza kumpelekea zawadi. Kwanza birika la mpira linalokunjika likawa bapa. Kisha bakuli linalokunjika. Kisha ufagio, ukivutwa mrefu, ukisukumwa mfupi. Kila Jumapili tuna chakula cha pamoja ukumbini, kila mtu anakuja na chungu chake, na Jumapili moja Ione, badala ya kuleta nyama yake ya kusaga iliyofunikwa viazi, alileta zawadi zote na kuzipanga mezani mbele ya kambi nzima.

"Gerrit," akasema, "kila unacholeta kinakunjika. Wewe je? Nikikukunja unaingia droo ipi?"

Gerrit akawa mwekundu mpaka masikioni. "Mimi... mimi sikunjiki, bibi. Nina nyonga ya chuma."

Watu tulivunjika mbavu. Dwight alipaliwa na saladi, ikabidi nimpige mgongoni. Lakini aliyecheka kuliko wote alikuwa Ione, akicheka huku ameshika mkono wa Gerrit asije akaanguka, na aliposhika ule mkono akasahau kuuachia. Mimi niliona. Nikamfinya Dwight, naye akadhani namkataza keki.

Basi Februari yote walikuwa pamoja, yeye akirekebisha kitu, Ione akimwambia hakijaharibika. Tulifurahi kama tunaposwa sisi. Lakini Machi ikafika, na pamoja nayo habari mbaya: Lyle, mwanawe Ione, alikuwa amemkatia mama yake tiketi ya ndege ya Jumamosi. Alikuwa amemwandalia chumba cha chini ya nyumba yake, kipya, chenye zulia. Kina dirisha moja dogo karibu na dari, na ukisimama vizuri unaona viatu vya watu wanaopita. Hangerudi tena Texas. Lyle si mtoto mbaya, ila alishaamua kwamba mama amezeeka.

Gerrit akaposa. Hakupiga goti, kwa sababu ya nyonga. Alimwita Ione ndani ya trela aone pimamaji la kupimia usawa alilobandika ukutani, akamwonyesha lile povu limetulia katikati kabisa, na huku akilitazama povu akasema, "Nyumba ikikaa sawasawa hivi, Ione, ni dhambi kuwa na mtu mmoja ndani. Ungekubali kuolewa na mimi?"

Ione alikuja kwangu moja kwa moja, mashavu yamemwiva.

"Twyla, keshokutwa una kazi?"

"Bingo tu. Kwa nini?"

"Nimempa sharti. Anipeleke pwani na hiyo karakana yake ya magurudumu, tulale siku moja, turudi. Nikirudi bado nampenda, tunakwenda naye Iowa kwa barabara zote za pembeni, mchungaji wake atufungishe ndoa. Nikirudi nataka kumnyonga, Jumamosi napanda ndege. Na wewe unakuja."

"Mimi nije kufanya nini?"

"Mimi ni msichana wa Kilutheri wa miaka sabini na mbili. Unataka kambi iseme nini?"

Niliifurahia safari ile kuliko yangu ya fungate. Naapa.

Alhamisi asubuhi kambi nzima ilitoka na viti. Hiyo nayo ni desturi yetu: trela ikiingia au ikitoka, watu wanaketi na vikombe vya kahawa kutazama, maana hakuna kipindi cha televisheni kinachoshinda mtu anayehangaika na trela yake. Dwight alikuwa mstari wa mbele, na ndara zake. Mimi nilipanda kiti cha nyuma cha pikapu. Ione akaketi mbele, amejipaka manukato ambayo sikujua kama anayo. Gerrit alivaa viatu vya kanisani. Alipoyanusa manukato yale akakaa vibaya, akawasha vipanguzi vya kioo badala ya injini.

"Hivi vyote ni vya nini?" Ione akauliza, akigusa vibanio.

"Vikumbusho. Kila rangi na jambo lake."

"Rangi gani? Mbona vyote ni vyeupe?"

Ilikuwa kweli. Jua la Texas lilikuwa limevichubua vyote kwa miezi mitano, na hakuna aliyeweza kujua kipi ni cha gesi na kipi cha ngazi. Gerrit alivitazama. Akamtazama Ione. Kisha, mbele ya macho yangu, mtu yule makini kuliko wote niliowahi kuwajua akavikomba vibanio vyote kwa mkono mmoja, akavitia ndani ya kofia yake, akasema, "Nimeshakagua kila kitu," akaondoa gari.

Mpira wa choo ulikuwa bado umeunganishwa.

Kwa asiyejua, trela ina tangi la choo, na tangi lina mpira mnene wa kukunjamana unaopeleka mambo kwenye shimo la kambi. Mpira ule ulivutika, ukavutika, ukawa mrefu kuliko ulivyoumbwa, halafu ukafyatuka na kutufuata nyuma ukichapa huku na huku. Watu wakainua miguu yao juu ya viti kwa pamoja, hata wale wenye magoti mabaya. Dwight akatoka mbio na ndara zake akipiga kelele, "Mkia! Gerrit, una mkia!" Namshukuru Mungu mpira ulikuwa mtupu. Karibu mtupu.

Gerrit alisimamisha gari, akazima injini, akaweka mikono mapajani. "Nimeharibu," akasema kwa sauti ndogo.

Ione alikuwa amelala ubavu kwenye mlango, anacheka bila sauti, miwani imeanguka chini, machozi yanachuruzika na kuondoka na poda. Alipopata pumzi akasema, "Hujaharibu bado. Palmer aliwahi kuondoka na ngazi ya jirani."

"Hilo si baya sana," nikasema mimi nyuma.

"Na jirani juu yake."

Basi tukacheka mpaka Gerrit naye akacheka. Dwight akaufungua mpira, akausuuza, akaurudisha mahali pake akitoa maneno ambayo sitayaandika, tukaenda zetu. Njia nzima Ione aliimba nyimbo za kanisani kwa mwendo wa polka, kama za dansi. Nikajisemea moyoni, hii ndoa ipo, naona kabisa ipo.

Nilikuwa sijaona sehemu tuliyopewa.

Kambi ya pwani ilikuwa imejaa. Nafasi yetu ilikuwa nyembamba, kulia basi kubwa la wazee wa Kanada, kushoto meza ya saruji, na nyuma, hatua chache tu, maji ya ghuba. Trela ilipaswa kuingia kinyumenyume. Na viti vilishaanza kutolewa, maana watu wa pwani nao wana macho.

Nieleze jambo moja. Kurudisha trela nyuma ni kazi ya watu wawili: mmoja anaendesha, mwingine anasimama nyuma na kuelekeza kwa mikono. Katika kambi zetu ndoa hupimwa hapo. Kuna sheria isiyoandikwa kwamba mume na mke waliotoka kuegesha hawasemeshwi mpaka wawe wametulia. Gerrit alikuwa akiegesha peke yake siku zote, kwa hiyo alikuwa na vifaa. Kamera nyuma ya trela, na skrini yake ndogo karibu na usukani. Fimbo mbili za sumaku zenye mipira ya tenisi juu, za kulengea. Na redio mbili za mkononi, mpya, alizozinunua kwa ajili ya Ione.

"Hii utaongea nami," akamwambia, akimkabidhi moja. "Unabonyeza hapa."

"Nina mikono, Gerrit."

"Bonyeza tu hapa."

Ione akaichomeka mkandani bila hata kuiwasha, akaenda kusimama nyuma kule, kwenye ukingo wa maji, pembeni, mahali pazuri ambapo dereva anamwona vizuri kwenye kioo cha pembeni. Akainua mikono. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, na nilimwona. Gerrit alikuwa anatazama kamera.

Redio ikakwaruza. "Haya, rudi," sauti ya mwanamke ikasema. "Taratibu. Rudi, mpenzi."

Gerrit akaganda. Uso wake ulibadilika mbele yangu. Mzee yule akawa kama amewashiwa taa ndani ya kichwa.

"Kaniita mpenzi," akasema.

"Gerrit," nikasema, "hebu tazama kioo cha..."

"Kushoto, mpenzi," redio ikasema. "Kushoto zaidi. Usiogope, mpenzi wangu, mimi niko hapa."

"Twyla, umesikia? Kaniita mpenzi wangu!" Akazungusha usukani huku anatabasamu, na angeambiwa aingie baharini angeingia. Nilitazama nyuma. Ione alikuwa anapunga mikono yote miwili kuelekea kulia, redio ikiwa bado mkandani, mdomo wake umefunguka. Nikapiga kelele. Nyuma yetu kitu kikasema kraaa, kisha mwanamume akalia kwa uchungu, "Soseji zangu!"

Tulikuwa tumepita juu ya jiko la kuchomea la mzee wa Kanada. Soseji zilikuwa sita, na paka wa kambi alishachukua moja.

Ione akaja dirishani anahema. "Nani kakwambia ukate kushoto?"

"Wewe," Gerrit akasema, bado anang'aa.

"Mimi? Mimi nimesimama pale napunga mpaka mabega yananiuma!"

Redio ikakwaruza mapajani pa Gerrit. "Safi sana, mpenzi. Sasa nyoosha. Aa, Vernon, nyoosha nimesema, wewe baba vipi?"

Tukaitazama redio, sote watatu. Mwisho kabisa wa kambi, kwenye upande wa pili, mwanamke mnene mwenye kofia ya majani alikuwa anamrudisha nyuma mumewe, redio mdomoni. Masafa ya redio zao yalikuwa sawa na yetu. Gerrit Vander Ploeg alikuwa amemtii mke wa Vernon.

Mimi nilikuwa nishaanza kucheka. Nilipomwona Ione nikanyamaza.

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Kamera," akasema. "Mipira. Redio. Na mke wa mtu. Sasa mimi umenileta kufanya nini, Gerrit? Umepata kila kitu." Akanigeukia. "Twyla, Jumamosi napanda ndege."

Nilikiona kile chumba cha chini na viatu vinavyopita dirishani, nikaona na trela ya Gerrit imekaa sawasawa na mtu mmoja ndani, nikawakasirikia wote wawili, na Lyle, na mke wa Vernon, na aliyevumbua redio.

Gerrit alikuwa ameshika usukani kana kwamba bado anaendesha. Alipoanza kusema, alisema akiutazama ule usukani.

"Sijui kumtazama mtu kiooni, Ione. Tangu ninunue trela hii narudi nyuma na kioo kitupu. Watu wengine wana mtu amesimama pale. Niliweka kamera ili nisiwe naangalia pale mahali ambapo hakuna mtu." Akapangusa pua kwa mkono wa shati. "Nisamehe. Nilikuwa sijazoea kwamba upo."

Upepo ulikuwa unampeperusha Ione nywele na hakuzishika. Kisha akafungua mlango wa dereva.

"Shuka."

"Unaniacha hapahapa?"

"Shuka, bwana, nimesema. Naendesha mimi. Nimeendesha lori la viazisukari la baba yangu wewe ukiwa hujaota ndevu."

Gerrit akashuka. Ione akapanda, akavuta kiti mbele kwa nguvu hata magoti yangu yakalia, akazima kamera, akanitupia mimi redio ya garini. Ile ya mkandani akamvisha Gerrit shingoni kwa kamba yake, naye Gerrit akaiwasha.

"Nifanye nini?" Gerrit akauliza.

"Simama nyuma nikuone."

"Nishike nini? Nichukue zile fimbo?"

"Usichukue kitu. Kifaa ni wewe."

Akaenda. Mungu wangu, alivyoenda! Alikuwa hajui mikono inakaa wapi. Aliiweka kiunoni, akaiweka mfukoni, akaitoa. Halafu akaiinua, miwili, vidole vimetanuliwa, akaanza kutuvuta kwa mikono ile polepole, kama anamwita ndama mwoga. Ione akatia rivasi. Akayatoa macho kwenye barabara, akayatia kwenye kioo cha pembeni, na hakuyatoa tena.

Gerrit akipinda mkono wa kulia, Ione anapinda. Akinyoosha, ananyoosha. Watu kwenye viti walikuwa wameacha kutafuna. Mzee wa Kanada alikuwa amesimama na koleo lake, na nilimwona naye anaelekeza kwa koleo bila kujijua. Tulipita meza ya saruji kwa upana wa sandwichi. Gerrit alikuwa akirudi nyuma hatua kwa hatua kutupisha, bila kugeuka kutazama anakokanyaga, kwa sababu alikuwa anamtazama Ione.

"Twyla," Ione akasema bila kupepesa, "yule kasimama wapi?"

Nikachungulia. "Kaingia majini."

"Majini wapi?"

"Ghubani. Yamempita viatu. Ione, ni vile viatu vya kanisani. Sasa yamefika magotini."

"Na mikono?"

"Bado iko juu."

Kidevu cha Ione kilikuwa kinatetemeka na hakujali kama naona. "Palmer, Mungu amrehemu, angekuwa ameshakimbia," akasema. Akairudisha trela hatua ya mwisho, akakanyaga breki, akavuta na ya mkono. Tulikuwa tumekaa katikati ya nafasi yetu, sawa kabisa.

Akashusha kioo, akatoa kichwa nje.

"Gerrit!"

"Uko vizuri!" Gerrit akajibu kutoka majini. "Uko katikati!"

"Najua niko wapi! Lile swali lako uliniuliza ukitazama povu. Niulize tena ukinitazama mimi!"

Viti vyote vikageuka. Kulikuwa kimya hata nikasikia soseji ya mwisho ikichuruzika mafuta kwenye mchanga. Gerrit akavuta pumzi, na yule mwanamume ambaye hakuwahi kuongea kwa sauti hata kwenye bingo akapaza sauti kambi nzima ikasikia.

"Ione Haugland! Utakubali kuolewa na mimi?"

Ione akarudisha kichwa ndani. Nilidhani analia tu, na kweli alikuwa analia, lakini mkono wake ulikuwa umenyooshwa nyuma, kwangu, unachezesha vidole. Nikampa redio. Akaigeuza huku na huku mpaka akapata pa kubonyeza, akaiweka karibu na mdomo, na sauti yake ikatokea mbali kule, kifuani pa Gerrit, ikikwaruza.

"Ndiyo, mpenzi," akasema. "Safari hii ni mimi."

Redio ikakwaruza tena kabla hajaiweka chini. "Hee! Hongereni jamani!" akasema mke wa Vernon. "Haya, sasa tuachieni masafa, Vernon kaingia mtaroni!"

Kambi ikalipuka. Mzee wa Kanada alikuwa anamkumbatia mtu asiyemjua. Ione ameegemea usukani anacheka na kulia, mimi nalia na kucheka, na kwenye kioo cha pembeni nilimwona Gerrit amesimama katikati ya maji, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, mikono yake bado iko juu, maana hakuna aliyemwambia aishushe.